Maziwa ya Lozi, Korosho na Kokwa Nyingine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo karibu kila anayeanza kutengeneza maziwa ya kokwa nyumbani huyauliza, na mengine huulizwa hata na waliokwishazoea. Neno "kokwa" humu linajumuisha lozi, korosho, jozi, makadamia, pistashio na za jamii hiyo. Karanga zimetengewa swali lake kwa sababu zina mambo yake.

## Ya mwanzo

Maziwa ya kokwa ni nini hasa?

Ni maji yaliyobeba mafuta, protini kidogo na ladha ya kokwa. Kokwa hulowekwa, husagwa na maji, kisha hukamuliwa na kuchujwa. Aliyewahi kukamua tui la nazi ameshaifanya kazi hii, na msamiati wake wote unahamia hapa bila shida: tui zito, tui jepesi, chicha. Kwangu mimi "tui la lozi" ndilo jina lingefaa zaidi, lakini watu wameshazoea kusema maziwa, nami nitafuata walio wengi.

Ila jina hilo limekuja kwa sababu ya weupe wake na namna yanavyotumika. Kilishe ni kitu kingine kabisa, na anayesahau hilo anaweza kumdhuru mtoto. Tazama sehemu ya lishe na usalama kabla hujaanza kuyatumia kila siku.

Kuna faida gani kujitengenezea wakati pakiti zipo?

Uzito na ladha. Pakiti nyingi za maziwa ya lozi huandikwa kwamba lozi ni asilimia 2 hivi. Kinachobaki ni maji na viungo vya kuyafanya yaonekane mazito. Wewe ukitumia gramu 140 za lozi kwa lita moja ya maji, lozi ni karibu asilimia 12 ya mchanganyiko kabla ya kuchuja. Tofauti hiyo unaisikia mdomoni mara moja. Pia unajua kilichomo: kama hukutia sukari, haimo.

Pakiti nayo ina faida zake, na si haki kuzificha. Nyingi huongezewa kalsiamu na vitamini, nayo hukaa miezi kabla ya kufunguliwa. Ya nyumbani hayana nyongeza hizo, na maisha yake ni siku chache.

Nahitaji vifaa gani?

Blenda, bakuli la kulowekea, kitambaa cha kuchujia na chupa yenye mfuniko unaobana. Blenda ya kawaida inatosha. Ile yenye nguvu kubwa itasaga laini zaidi na kukupa maziwa mazito kidogo, lakini sijaona sababu ya mtu kununua mpya kwa kazi hii tu.

Kitambaa ndicho chenye maana kuliko blenda. Chujio la chai huacha chenga zipite. Tumia melimeli iliyokunjwa mara mbili, au kitambaa chochote safi cha pamba chenye nyuzi zilizobanana ambacho hakijafuliwa kwa sabuni ya manukato. Mafuta ya kokwa hunasa harufu upesi, na maziwa yenye harufu ya sabuni hayana tiba.

Kipimo cha kokwa na maji ni kipi?

Anza na kikombe kimoja cha kokwa kavu kwa vikombe vinne vya maji. Pima kokwa kabla ya kuziloweka, kwa sababu zikishavimba kikombe hakisemi kweli.

Ukitaka maziwa mazito ya kutia kwenye chai au kahawa, punguza maji hadi vikombe vitatu. Ya uji au ya kunywa yakiwa baridi yanaweza kufika vitano. Kwa mapishi yanayohitaji kitu kama krimu, vikombe viwili vinatosha, hasa kwa korosho. Daima ni rahisi kuongeza maji baadaye kuliko kuyatoa, kwa hiyo kama huna hakika, anza na machache.

Nieleze hatua zote kwa mkupuo.

Osha kikombe kimoja cha lozi, loweka usiku kucha kwa maji yanayozifunika vidole viwili juu yake. Asubuhi mwaga maji hayo na uzioshe tena mpaka maji yatoke maangavu. Tia kwenye blenda pamoja na vikombe viwili vya maji baridi na chembe ya chumvi, saga kwa dakika moja mpaka iwe rojo laini, kisha ongeza vikombe viwili vilivyobaki na usage dakika nyingine.

Tandika kitambaa juu ya bakuli, mimina, kusanya ncha zake na usokote. Kamua kwa nguvu, pumzika kidogo, kamua tena. Mimina kwenye chupa safi, funga, weka kwenye friji papo hapo. Kazi yenyewe, ukiacha muda wa kuloweka, ni kama dakika kumi.

Kuna wanaogawa maji mara mbili: wanakamua tui zito kwanza, wanarudisha chicha kwenye blenda na maji yaliyobaki, wanakamua tui jepesi, halafu wanachanganya. Njia hiyo hutoa zaidi kidogo, na kwa blenda dhaifu inasaidia kweli.

## Kuchagua kokwa

Nianze na kokwa gani?

Korosho. Ni laini, huloweka upesi, na kwa blenda nzuri husagika yote pasiwe na haja ya kuchuja. Mtu akifanikiwa mara ya kwanza hurudia. Akianza na kitu kigumu na kupata maji ya kijivu yenye chenga, mara nyingi huishia hapo.

Lozi zina ladha safi zaidi na maziwa yake hufaa karibu kila kitu, ndiyo maana ndizo zinazojulikana sana. Makadamia hutoa maziwa mazito yenye mafuta mengi, matamu hata bila kutiwa kitu. Jozi zina ladha nzito yenye uchungu kidogo kutoka kwenye ngozi yake, na maziwa yake huelekea ukijivu. Hayajaharibika, ndiyo rangi yake. Pistashio hutoa maziwa ya kijani hafifu, mazuri sana kwa vitamu.

Kokwa yoyote utakayochagua, itafune moja kabla ya kuloweka. Kama ina ladha ya mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, mafuta yake yameharibika na hakuna iliki wala vanila itakayoficha. Jozi huharibika upesi kuliko nyingine kwa sababu ya aina ya mafuta yake, kwa hiyo zinunue chache chache na uziweke kwenye friji.

Ni lazima kumenya ngozi ya lozi?

Si lazima. Ngozi ikibaki, maziwa huwa na rangi ya maziwa ya mgando mzito na ladha ya ukakasi kidogo. Ukitaka weupe na ulaini, zimwagie maji yanayochemka, subiri dakika moja, mwaga, kisha zibane kati ya vidole: zitachomoka zenyewe. Kuna utulivu fulani katika kazi hiyo, lakini kwa maziwa ya kila siku mimi huziacha na ngozi yake.

Naweza kutumia kokwa zilizokaangwa?

Ndiyo, mradi hazina chumvi wala mafuta ya nyongeza. Kukaanga kidogo kwenye oveni huzidisha harufu na kuyapa maziwa ladha ya kina. Zikikaangwa sana huwa chungu, na maziwa hujitenga upesi zaidi.

Na karanga je?

Karanga ni jamii ya kunde, kwa hiyo zikiwa mbichi zina harufu ya maharage ambayo wengi hawaipendi kwenye kinywaji. Zichemshe dakika kumi na tano hivi, au zikaange kidogo na kuzipeta maganda, kisha fuata hatua zilezile. Maziwa yake yakichemshwa tena baada ya kukamuliwa, harufu hiyo hupungua zaidi.

Jambo kubwa kwenye karanga ni sumukuvu, sumu inayotolewa na aina fulani za ukungu. Ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, nao walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Kuchemsha kwa moto wa jikoni hakuiondoi, na kuchuja hakuiondoi. Kinga iliyo mikononi mwako ni kuchambua: tupa zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na kuingia vumbi la ukungu, na zenye uchungu. Ukiona ukungu kwenye nyingi, tupa mfuko wote. Sumu hii inaweza kuingia pia kwenye kokwa za miti, ila karanga ndizo zinazokumbwa zaidi.

Nimesikia lozi chungu zina sumu. Ni kweli?

Ni kweli. Lozi chungu, ambazo ni aina tofauti na lozi tamu za kawaida, zina amigdalini, na zikisagwa na maji hutoa sianidi. Kusaga na maji ndiko hasa tunakofanya hapa, kwa hiyo usizitumie hata kidogo "kwa ajili ya harufu". Vivyo hivyo kokwa zilizo ndani ya mbegu za aprikoti, ambazo zinafanana na lozi ndogo. Lozi moja chungu iliyojichanganya kati ya tamu kwa bahati mbaya si jambo la kukutia hofu. Iteme na uendelee.

Korosho nilizobangua mwenyewe zinafaa?

Zikiwa zimepitishwa kwenye mvuke au moto kabla ya kubanguliwa, ndiyo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi na midomo, na korosho iliyotolewa ikiwa mbichi kabisa inaweza kuwa na mabaki yake. Zile zinazoitwa "mbichi" madukani zimeshapata moto. Maana yake ni kwamba tu hazijakaangwa.

## Kuloweka

Kwa nini niloweke?

Kokwa kavu husagika kuwa chenga. Iliyolowa husagika kuwa rojo, na rojo ndilo linaloachia mafuta na protini kwenye maji. Hiyo ndiyo sababu kubwa. Utasikia pia kwamba kuloweka "huondoa sumu" au huondoa fitati zinazozuia mwili kufyonza madini. Mabadiliko ya fitati kwenye lozi zilizolowekwa ni madogo mno kukubadilishia lishe yako. Loweka kwa ajili ya ulaini.

Kwa muda gani?

Lozi saa 8 hadi 12. Jozi saa 6 hadi 8. Korosho saa 2 hadi 4, na zikikaa usiku kucha huanza kutoa ute. Makadamia saa 2, au usiloweke kabisa. Pistashio saa 4 hivi.

Kama chumba kina joto, au unajua utapitiliza, weka bakuli kwenye friji. Maji ya uvuguvugu yenye kokwa ndani ni mahali pazuri pa bakteria kuzaliana. Ukikuta povu, ute au harufu ya uchachu, zitupe zote.

Nimesahau kuloweka na nahitaji maziwa sasa hivi.

Mimina maji yanayochemka juu ya korosho, funika, subiri nusu saa. Lozi zinahitaji saa moja na bado hazitakuwa laini kama za usiku kucha. Njia ya haraka kuliko zote ni siagi ya kokwa isiyo na sukari: vijiko viwili vikubwa kwa vikombe viwili vya maji, saga nusu dakika, basi. Hakuna kuchuja wala chicha.

Maji ya kulowekea niyatumie kusagia?

Hapana. Yana vumbi, rangi ya ngozi na ukakasi wake.

## Kusaga na kukamua

Maziwa yangu yana chenga. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara ni kitambaa. Kunja tabaka mbili, au chuja mara ya pili bila kukamua, uyaache yadondoke yenyewe. Nguvu nyingi mno mwishoni mwa kukamua husukuma chenga ndogo zipenye. Kama bado, kokwa hazikulowa vya kutosha, au ulisaga na maji mengi tangu mwanzo zikawa zinazunguka bila kukutana na visu. Ndiyo sababu ya kuanza na nusu ya maji.

Yametoka kama maji tu.

Angalia kipimo kwanza, kisha muda wa kusaga. Blenda dhaifu inahitaji dakika tatu, ukipumzisha kila dakika ili mota isiungue. Kumbuka kukamua chicha mpaka iwe kavu. Matone mazito ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Unaweza pia kutia korosho chache kwenye lozi zako, na hii ndiyo siri ninayoipenda kuliko zote: robo moja ya korosho kwa robo tatu za lozi hutoa maziwa yenye ladha ya lozi na uzito wa korosho.

Sina blenda.

Kinu na mchi vinafanya kazi. Menya lozi zilizolowa, twanga kidogo kidogo ukinyunyizia maji mpaka ziwe rojo, changanya na maji yaliyobaki, acha dakika kumi, kamua. Karne nyingi kabla ya umeme, wapishi wa Ulaya walitengeneza hivyo maziwa ya lozi kwa siku za Kwaresima, walipokuwa hawatumii maziwa ya wanyama. Ni kazi ya mkono mzito, lakini matokeo ni mazuri.

Nitie nini yawe matamu?

Tende mbili zilizotolewa kokwa, zisagwe pamoja kabla ya kuchuja. Au asali, au sukari kidogo. Chumvi usiiache, chembe moja huamsha ladha ya kokwa kuliko kijiko cha sukari. Vanila, mdalasini, iliki na kungumanga vyote vinaelewana na lozi. Chupa utakayopikia isitiwe utamu kabisa, usije ukajikuta na mchuzi mtamu.

## Kuhifadhi

Yanakaa siku ngapi?

Siku 3 hadi 4 kwenye friji yenye nyuzijoto 4 za Selsiasi au chini yake, ndani ya chupa safi iliyofungwa. Siku ya tano wengine huyatumia kwenye uji au keki, mimi huyatupa. Yaweke nyuma ya friji, kwa sababu mlangoni joto hupanda kila unapofungua. Yakikaa mezani zaidi ya saa 2, au saa 1 siku ya joto kali, usiyarudishe.

Maziwa haya hayana chumvi nyingi, hayana asidi, hayajapitia kiwandani. Bakteria huyapenda kama wanavyopenda maziwa ya ng'ombe. Wengi huamini kwamba kwa kuwa ni kitu cha mmea hakiharibiki upesi, na imani hiyo ndiyo inayowaumiza matumbo.

Yamejitenga, maji chini na utando juu. Yameharibika?

Hapana. Ni matone madogo ya mafuta yanayopanda juu na chembe nzito zinazoshuka, kwa sababu hukutia kitu cha kuyashikilia pamoja. Tikisa chupa. Kama yanakuudhi, nusu kijiko cha chai cha lesithini kwa lita moja, ikisagwa pamoja, huchelewesha kujitenga.

Dalili za kuharibika ni nyingine: harufu ya uchachu, ute unaovutika, viputo, au mfuniko unaotoa hewa kwa kishindo unapoufungua. Ukiona moja, usionje kuhakikisha.

Naweza kuyagandisha?

Ndiyo, hadi miezi mitatu, ukiacha nafasi chupani maana yatatanuka. Yakiyeyuka yatakuwa yamekatikakatika. Yapitishe kwenye blenda sekunde chache, nayo yatafaa kwa kupikia hata kama hayapendezi tena kunywa. Kugandisha kwenye trei za barafu ni vizuri zaidi, unachukua vipande unavyohitaji.

Nikiyachemsha yatakaa zaidi?

Kuchemsha huua bakteria wengi, lakini faida huisha ukiyamimina kwenye chupa isiyo safi au ukiyaacha yapoe taratibu juu ya meza. Chemsha, tia sufuria kwenye beseni la maji ya barafu, chupa iwe imeoshwa kwa maji ya moto. Hata hivyo bado nahesabu siku zilezile. Maziwa ya korosho yakichemshwa hugeuka mazito. Sababu iko kwenye sehemu inayofuata.

## Kupika na vinywaji

Kwa nini yanakatika kwenye kahawa?

Asidi ya kahawa na joto lake kwa pamoja hufanya protini za kokwa zishikane na kuganda vipande vipande. Ukiyamimina baridi kutoka kwenye friji, mshtuko huo ni mkubwa zaidi. Yapashe moto kwanza bila kuchemka, yatie kikombeni, kisha mimina kahawa polepole juu yake. Kahawa iliyokaangwa sana ina asidi kidogo na hukatisha mara chache. Chembe ndogo ya magadi soda kwenye chupa nzima nayo husaidia. Ikizidi utaisikia mdomoni.

Vipande hivyo havina madhara, ni sura tu. Ila kama maziwa yamekatika kwenye kikombe ambacho jana hayakukatika, yanuse: huenda yameanza kuchacha yenyewe. Kwenye chai ya maziwa tatizo ni dogo, na kwenye chai yenye limau usijaribu.

Maziwa ya korosho yaligeuka uji sufuriani!

Korosho zina wanga mwingi kuliko kokwa nyingine nyingi, na wanga ukipata moto huvimba. Kwa mchuzi mzito hii ni zawadi, kwani huhitaji unga wa kuunganishia. Kwa kinywaji cha moto, yafanye mepesi zaidi tangu mwanzo au tumia lozi.

Yanaweza kuchukua nafasi ya maziwa ya ng'ombe kwenye keki na chapati za maji?

Ndiyo, kikombe kwa kikombe. Keki inaweza kuwa na rangi hafifu zaidi juu. Yasikofaa ni kwenye mapishi yanayotegemea protini za maziwa ya wanyama kuganda, kama jibini ya kawaida na baadhi ya podini za unga wa pakiti.

Na mtindi?

Inawezekana kwa vijidudu hai vya mtindi, lakini hayatashikana kama ya ng'ombe, kwa kuwa hayana protini ile inayojenga mtindi mzito. Tumia maziwa mazito ya korosho yaliyochemshwa yakageuka mazito, yaache yapoe hadi uvuguvugu, tia kijiko cha sukari kuwalisha vijidudu, kisha mtindi wa kuanzishia. Usikisie joto wala muda. Fuata maelekezo ya kianzishio ulichonunua.

## Chicha

Chicha nifanyie nini?

Tafadhali usiitupe. Nyuzinyuzi karibu zote ziko humo, pamoja na sehemu kubwa ya protini na mafuta yaliyokataa kutoka. Nikiona mtu anamwaga chicha kisha anasifu maziwa yake kwa lishe, naumia kweli, kwa sababu lishe ameimwaga.

Ikiwa mbichi, itie kwenye uji, kwenye donge la mkate au biskuti, au ichanganye na vitunguu na viungo ukaange vileja vya chumvi. Ukitaka unga, itandaze nyembamba kwenye trei, ikaushe kwenye oveni ya nyuzijoto 90 hadi 100 kwa saa 2 au 3 ukigeuza, isage ikiwa imepoa kabisa. Unga huo ni mkavu kuliko unga wa lozi wa dukani kwa kuwa mafuta yametoka. Kwenye mapishi badilisha robo tu ya unga wa ngano, na uongeze maji kidogo. Chicha mbichi hukaa siku 3 kwenye friji, miezi 3 kwenye friza.

Je, chicha inaweza kukamuliwa tena kupata maziwa mengine?

Mara ya pili, ndiyo, kwa maji nusu ya yale ya kwanza. Ya tatu ni maji yenye rangi.

## Lishe na usalama

Yanalingana na maziwa ya ng'ombe?

Hapana, na hesabu yake ni rahisi. Gramu 100 za lozi zina protini gramu 21 na kalsiamu miligramu 270 hivi. Gramu 140 ulizotumia kwa lita moja zina protini kama gramu 29 na kalsiamu kama miligramu 380. Gawa kwa vikombe vinne: hata kama kila chembe ingepita kwenye kitambaa, kikombe kimoja kingekuwa na kalsiamu chini ya miligramu 100, wakati cha ng'ombe kina kama 300. Na si kila chembe hupita. Nyingi hubaki kwenye chicha. Vitamini B12 haimo kabisa, wala vitamini D.

Kwa mtu mzima anayekula vyakula mbalimbali hakuna shida. Kwa asiyekula kitu chochote cha mnyama, B12 lazima itoke kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Usijaribu kutia unga wa vidonge vya kalsiamu kwenye chupa: hutuama chini, na glasi ya mwisho hupata dozi yote.

Naweza kumpa mtoto mchanga?

Usimpe. Chini ya miezi 12, kinywaji chake kikuu ni maziwa ya mama au maziwa maalumu ya watoto wachanga. Maziwa ya kokwa hayana protini, mafuta, madini wala vitamini za kutosha kumkuza, na mtoto anayeshibishwa nayo anaweza kudhoofu huku tumbo likionekana limejaa. Asali nayo ni marufuku chini ya umri huo. Baada ya mwaka mmoja yanaweza kuingia kwenye uji, lakini yasiwe ndiyo maziwa yake makuu bila ushauri wa mtaalamu wa lishe.

Mtu mwenye mzio wa kokwa moja anaweza kutumia nyingine?

Asijaribie nyumbani. Mwenye mzio wa korosho mara nyingi huwa na mzio wa pistashio, na jozi hufuatana na pekani hivyohivyo. Mwenye mzio wa karanga anaweza kuwa na mzio wa kokwa za miti pia. Daktari ndiye wa kupima. Nyumba yenye mtu wa namna hiyo, tumia mbegu za alizeti au za maboga kwa hatua na kipimo kilekile, kwa blenda na kitambaa ambavyo havijagusa kokwa. Ufuta nao huleta mzio kwa baadhi ya watu.

Maziwa ya ng'ombe hunisumbua tumbo. Haya ni salama?

Kama tatizo ni laktosi, yaani sukari ya maziwa ya wanyama, ndiyo, hayana hata chembe.

Nina historia ya mawe kwenye figo.

Lozi na korosho zina oksalati nyingi, na mawe ya aina inayotokea zaidi hujengwa na oksalati na kalsiamu. Kikombe cha mara mojamoja ni tofauti na nusu lita kila siku. Muulize daktari aliyeona vipimo vyako.

## Yasiyo ya kila siku

Friji ilizimika usiku. Nimwage?

Friji iliyobaki imefungwa hushika ubaridi kwa saa 4 hivi. Zaidi ya hapo, au kama hujui ilizimika lini, mwaga, hata kama yananukia vizuri.

Naweza kuchanganya na shayiri (oats) ili kupunguza gharama?

Ndiyo. Nusu kikombe cha shayiri bapa na nusu kikombe cha lozi zilizokwisha kuloweka. Shayiri itie mwishoni na usage sekunde 20 tu kwa maji baridi sana, usikamue kwa nguvu. Ikisagwa sana hutoa ute wa kuteleza.

Chicha ya makadamia nimpe mbwa?

Hapana kabisa. Makadamia ni sumu kwa mbwa: humfanya adhoofike miguu ya nyuma, atapike na kutetemeka. Hii ni pamoja na maziwa yenyewe na kitambaa ulichokiacha sakafuni. Akiwa ameshakula, mpigie daktari wa mifugo bila kungoja dalili, na umwambie alikula kiasi gani na saa ngapi.